Ukibanwa na kausha damu, usimamishe hisa za kikoba?

Mtu akizidiwa na marejesho, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuacha kununua hisa za kikoba, yaani akiba anayoweka kila wiki kwenye kikundi cha kuweka na kukopeshana, na kupeleka kila shilingi kwenye deni. Hoja yenyewe inaeleweka: unaweka akiba ya nini wakati mwenye pesa anakupigia simu kila asubuhi? Upande wa pili wapo wanaosema kikoba hakiguswi hata mvua ya mawe ikinyesha, kwa sababu ndicho kitakachokutoa. Pande zote mbili zina ukweli, ila zote zinaruka swali moja: hilo deni linaongezeka kadiri siku zinavyokwenda, au bei yake ilishafungwa siku ulipopokea pesa?

Tuchukue hesabu ya mama lishe wa Mbagala. Amechukua kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kali, wa 300,000, anarejesha 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla 360,000. Ada ya fomu, 15,000, imekatwa juu kwa juu, kwa hiyo mkononi alishika 285,000. Mkopeshaji anaiita riba ya asilimia 20. Siyo. Mtaji wa mkopeshaji unarudi 10,000 kila siku, kwa hiyo pesa aliyokaa nayo mama huyu kwa wastani wa mwezi ni 155,000 tu. Riba ya 60,000 juu ya 155,000 ni karibu asilimia 39 kwa mwezi, na fomu hatujaigusa. Linganisha na ukomo wa Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018: asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hapo wenye hoja ya "deni kwanza" wanaonekana wameshinda. Kikoba kikigawa faida ya asilimia 30 kwa mwaka mzima, wanachama wanapiga vigelegele. Nani aweke pesa panapolipa 30 kwa mwaka huku anadaiwa 39 kwa mwezi?

Lakini ingia kwenye daftari. Leo ni siku ya 18. Ameshalipa 216,000, zimebaki 144,000. Akisimamisha hisa zake tatu za wiki, yaani 15,000, akaziongeza kwenye rejesho, anaokoa nini? Hakuna. Ndani ya zile 144,000 kuna mtaji 120,000 na riba 24,000, na hiyo riba haipungui hata akilipa zote leo jioni. Amewahi kumaliza, basi. Mkopo wa namna hii umeshauzwa kwa bei moja, kama gunia la mchele ulilochukua kwa mali kauli. Kulipa mapema kunamfaa mkopeshaji, anayezungusha pesa hiyo kwa mtu mwingine kesho yake.

Madeni yanayokua ni mengine. Songesha ya M-Pesa, yaani mkopo wa kukamilisha muamala salio lisipotosha, ina ada inayoendelea kuhesabiwa mpaka ulipe, na deni hujikata lenyewe kwenye pesa yoyote inayoingia. Mteja akituma 20,000 ya oda ya chakula cha kesho, sehemu imeshaondoka kabla hujaenda sokoni. Deni hili lifungwe haraka, hata kwa kupunguza hisa wiki moja. Faini ya kuchelewesha rejesho ni hivyohivyo. Mkopo wa benki wenye riba juu ya salio linalopungua nao hupungua gharama ukiulipa mapema, ila uliza kwanza kama kuna tozo ya kufunga kabla ya muda.

Kausha damu inapoumiza zaidi ni kwenye kuongezewa. Siku hiyohiyo ya 18 mkopeshaji anakuja na tabasamu: wewe mteja mzuri, chukua 300,000 nyingine. Anakata 144,000 za deni la zamani, anakata fomu 15,000, anakukabidhi 141,000. Kesho unaanza upya 12,000 kwa siku 30. Zile 24,000 za riba ya siku 12 zilizokuwa bado hazijafika umezilipa leo, na siku hizohizo unaanza kuzilipia riba ya mkopo mpya. Mtu anayezunguka hivi mara tatu kwa mwaka hana tatizo la kushindwa kulipa, maana analipa vizuri sana. Tatizo ni kwamba kila anapokaribia kumaliza hana hata 50,000 pembeni: mtungi wa gesi umeisha, mtoto ana homa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu. Ndiyo maana hisa za kikoba zina kazi hata wakati wa deni, na hesabu ya 30 dhidi ya 39 haiioni kazi hiyo.

Wanaotetea kikoba nao wana pa kujibu. "Kopa kikoba, ulipe kausha damu" ni ushauri unaotolewa kirahisi mno. Tuseme kikundi chake kinakopesha mara tatu ya hisa, kwa asilimia 10 kwa miezi mitatu. Ana hisa za 300,000, anaruhusiwa hadi 900,000. Akichukua 144,000 atarejesha 158,400, yaani 52,800 kwa mwezi. Gharama imeongezeka kwa 14,400. Alichonunua ni nafasi: badala ya kutoa 12,000 kila siku, anatenga kama 1,800, na mchele anaopika unarudi kilo tano badala ya tatu. Kwa biashara inayokula mtaji wake, nafasi hiyo ina thamani. Kwa mtu ambaye mauzo yanatosha rejesho, ni gharama ya bure.

Ili iwe nafuu ya kweli, mkopeshaji ashuke. Akikubali kufunga deni kwa 125,000, mkopo wa kikoba utarejeshwa kwa 137,500, chini ya zile 144,000. Mstari uko kwenye 130,000 na ushee. Juu ya hapo umenunua muda tu. Kujadiliana kunawezekana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayetoza zaidi ya mara tano ya ukomo hapendi daftari lake lifike mezani kwa ofisa.

Halafu kuna wadhamini. Ukikwama kausha damu, inaondoka televisheni. Ukikwama kikoba, zinakatwa hisa za jirani wawili waliokusainia, na wiki ijayo mnakaa nao duara moja. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kuhamisha deni, na haimo kwenye asilimia yoyote. Angalia pia kalenda: vikundi vinavyogawana Desemba hukaza mikopo miezi ya mwisho ili sanduku lijae, kwa hiyo mpango unaotegemea kikoba Novemba huenda usiwe na pesa.

Tungefanya hivi: hisa zishuke kutoka tatu hadi moja kwa wiki, zisisimame, maana kuacha kabisa kunaweza kuleta faini na kupunguza haki ya kukopa. Zile 10,000 zilizobaki zilipe kwanza deni linalokua. Likiisha, zikae kwenye laini ya simu isiyo na Songesha mpaka siku ya 30 ipite, ili siku mkopeshaji akija na tabasamu uwe na cha kununulia gesi. Na kama alishika kadi yako ya benki, usitoe rejesho la mwisho bila kadi kuwa mezani. Dai karatasi yenye tarehe, kiasi na neno "amemaliza", kisha siku hiyohiyo nenda mashine ya ATM ubadilishe namba ya siri, kwa sababu ile ya zamani anayo.