Ankara Isisubiri Muhuri

Masika moja tarishi wetu alirudi ofisini Vingunguti saa kumi na moja jioni, viatu kavishika mkononi, bahasha kaificha ndani ya jaketi. Jangwani kulikuwa kumejaa maji, na kutoka Magomeni kwenda Posta ilibidi azunguke na pikipiki yake karibu nusu ya mji. Alikuwa na ankara sita. Nne zilipokelewa, moja ililowa, na ya sita alirudi nayo. "Dada, wamesema mwenye muhuri ameenda msibani. Nirudi Alhamisi."

Sikumlaumu. Nilibaki na ile bahasha mezani nikipiga hesabu ambayo kila mhasibu wa kampuni ndogo hapa Dar anaijua kwa uchungu. Kodi ya Ongezeko la Thamani haimsubiri mteja alipe. Ukishatoa ankara, kodi imeanza kudaiwa, na ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwezi huo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chukua mzigo wa shilingi 10,000,000. Asilimia 18 yake ni 1,800,000. Ankara ikitoka tarehe 28 Machi, hiyo 1,800,000 lazima iingie kwenye ritani ya tarehe 20 Aprili, iwe mteja amelipa au hajalipa. Mteja naye ana siku zake 30 za kulipa, na anazihesabu kuanzia siku muhuri wake ulipogonga karatasi, siyo siku mzigo uliposhuka kwenye stoo yake. Kwa hiyo kila siku ambayo ankara imelala mapokezi, sisi ndio tunaomkopesha, tena bila riba.

Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: tuachane na ankara za karatasi. Lakini tukubaliane kwanza kilichotufunga. Karatasi yenyewe hakuna anayeipenda. Kinachopendwa ni muhuri na kile kitabu cha kusainia, kwa sababu ndivyo ushahidi kwamba mtu fulani, tarehe fulani, alipokea deni. Kampuni ikinunua programu nzuri ya uhasibu bila kuweka kitu mahali pa ule ushahidi, baada ya miezi miwili utakuta watu wanachapisha ankara kutoka kwenye kompyuta na kumpa tarishi akagongewe. Nimeyaona hayo, na sisi wenyewe tulianza hivyo hivyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba upande wa serikali tulishavuka zamani. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Leo wengine wanatumia ile ya programu, VFD, isiyohitaji mashine mezani. Ukitoa risiti, taarifa zake zinakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA), na mteja anaweza kuihakiki kwa kuskani alama yake kwa simu. Yaani TRA wanajua nimeuza nini kabla mteja wangu aliyeko kilomita chache tu hajajua nimemdai nini! Mwenye haki ya kujua kwanza ni yeye.

Kuna wanaoniambia, "Sisi tunatuma kwa WhatsApp siku nyingi." Picha ya ankara si ankara ya kielektroniki. Anayeipokea anakaa chini kuandika upya namba ya mlipakodi (TIN), namba ya oda, kiasi na kodi, na hapo ndipo sifuri inapoongezeka au kupungua. Hata faili la PDF, ingawa ni hatua kubwa, bado lina kasoro hiyo. Ankara ya kielektroniki kamili ni data: mfumo wa muuzaji unazungumza na mfumo wa mnunuzi bila mtu kunakili. Italia, tangu 1 Januari 2019, kampuni zinapeana ankara za namna hiyo kupitia mfumo wa serikali. Sisi hatujafika huko, na sidhani tuna sababu ya kungoja tufike ndipo tuanze.

Tulichofanya ni kidogo tu. Kila mteja tulimwomba anwani moja ya barua pepe ya idara ya malipo, siyo ya mtu binafsi, maana mtu huenda likizo. Tukaiandika kwenye mkataba, pamoja na sentensi moja: ankara ikitumwa kwenye anwani hii, siku za malipo zinaanza kuhesabiwa siku ya kazi inayofuata. Kila ankara inabeba namba ya oda ya mteja, na hati ya kupokelea mzigo imeambatishwa palepale. Hiyo sentensi ya mkataba ilitusaidia kuliko programu yenyewe.

Baadhi waligoma. Mmoja alisema bila muhuri mkaguzi wake hatakubali. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu mwaka 2015 na inazitambua kumbukumbu na saini za kielektroniki. Hakushawishika, na namwelewa, kwani kazi yake ndiyo iko hatarini kama hoja ya ukaguzi itaibuka. Yeye bado tunampelekea karatasi. Ila pia tunatunza nakala sehemu mbili, moja nje ya ofisi, kwa sababu kompyuta nayo huungua na kuibiwa, na kumbukumbu za kodi lazima zikae miaka.

Tarishi wetu hakupoteza kazi. Hili nililisimamia mwenyewe. Hakuna mtu katika kampuni anayewajua watu wa malipo kama yeye: nani anaidhinisha, siku gani hundi zinasainiwa, mlango upi uanze kubisha. Sasa anafuatilia madeni kwa simu, na pikipiki anaitoa pale tu inapobidi kuonana ana kwa ana.

Yule mteja wa Alhamisi, mwenye muhuri wa msibani, Jumanne iliyopita alijibu barua pepe yetu kwa mara ya kwanza: "Imepokelewa. Naomba mtume tena hati ya kupokelea mzigo, hii haisomeki." Tulimtumia kabla ya saa sita mchana.