Je, mvuvi wa Kyela asubu chubwi zake mwenyewe?

Mvuvi anayeunga wavu mpya Matema au Itungi ana gharama nyingi asizoweza kuzikwepa: nyuzi, kamba, maboya, mtumbwi wenyewe. Chubwi, yaani vipande vya madini ya risasi vinavyofungwa kwenye kamba ya chini ili wavu ushuke na kusimama majini, ni miongoni mwa vitu vichache anavyoweza kujitengenezea. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Ndiyo maana wazo la kusubu nyumbani, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina ipate umbo, lina mashabiki, kuanzia Ziwa Nyasa hadi kwa wavuvi wa perege wa bwawa la Mtera upande wa Iringa. Wanaolipinga husema ni sumu, basi. Pande zote mbili zinakosea pale zinapojibu swali kabla ya kuuliza mambo mawili: chubwi ni za chombo gani cha uvuvi, na risasi yenyewe imetoka wapi?

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo sifa za risasi hutiwa chumvi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.34, ya chuma gramu 7.85, ya jiwe la kawaida kama gramu 2.6. Lakini wavu haujali uzito wa kwenye mizani. Unachohisi ni uzito unaobaki baada ya maji kubeba sehemu yake. Gramu 100 za risasi zikizama hubaki na nguvu ya gramu 91. Gramu 100 za chuma hubaki na 87. Za jiwe hubaki na 62 hivi, na za udongo uliochomwa huwa karibu na nusu. Kwa hiyo pengo kubwa liko kati ya metali na mawe. Kati ya risasi na chuma, pengo ni dogo mno.

Chukua wavu wa kutega wenye kamba ya chini ya mita 90, uliofungwa chubwi ya gramu 40 kila baada ya sentimita 60. Hizo ni chubwi 150, kilo 6 za risasi. Ukitaka nguvu ileile majini kwa kutumia chuma, unahitaji kilo 6.3. Nondo ya milimita 10 ina gramu 617 kwa mita, kwa hiyo mita 10.2 zinatosha: vipande 150 vya sentimita 6.8, na nondo moja ya mita 12 inabakiza kipande. Hakuna moto, hakuna moshi, kazi yote ni msumeno wa chuma na tupa. Kasoro za nondo zipo, na si ndogo: ncha zake hukata nyuzi, na kutu hula kamba taratibu. Piga tupa ncha zote mbili mpaka zisikwaruze kidole, chovya vipande kwenye lami ya moto, kisha vifunge kwa utepe uliokatwa kutoka tyubu ya tairi. Kwa wavu wa kutega wa kawaida, hesabu hii inanitosha kusema kwamba kusubu risasi hakuna faida inayostahili hatari yake. Mtu akinionyesha kwamba wavu wake unashindwa kazi kwa tofauti ya gramu 300 katika mita 90, nitabadili mawazo.

Kimia cha kutupa ni habari nyingine. Hapo kinachotakiwa ni vipande vidogo, vizito, laini, vilivyokaribiana kuzunguka ukingo wote, ili wavu ufunguke hewani na ukingo ufike chini kabla samaki hajatoka. Chuma chenye uzito uleule huwa kirefu au kinene zaidi, hunasa kwenye macho ya wavu wakati wa kuurusha, na wavu uliojikunja hewani haukamati kitu. Mshipi wa ndoana nao ni hivyohivyo: chubwi inayobanwa kwa koleo na kubanduliwa tena bila kuukata uzi ni kazi ya risasi, na chuma hakiiwezi. Hapa hoja ya anayetaka kusubu ina miguu miwili imara.

Ila mara tu baada ya hapo linakuja suala la chanzo, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua yote.

Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Mafinga, Makambako, Uyole hadi Tunduma, na pembeni yake mafundi tairi wana makopo ya vizito vya zamani vya kubalansi magurudumu. Vile vya risasi vina antimoni kidogo, asilimia chache, inayovifanya kuwa vigumu kuliko risasi safi. Ni chanzo kizuri, lakini lazima kichambuliwe kabla ya moto. Siku hizi vingi ni vya chuma au zinki. Vingine vimepigwa chapa: Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma. Visivyo na chapa vibane kwa koleo la kukatia: risasi hubonyea kwa urahisi na kubaki na alama, zinki hukataa, na kikidondoshwa kwenye saruji hulia kwa mlio mwembamba badala ya kishindo kizito. Kipande cha zinki kikiponyoka uchambuzi, bado kuna kinga: zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, hivyo ukiweka chungu chini ya nyuzi 380 kitaelea pamoja na klipu za chuma na utakiopoa. Ukizidisha moto kitayeyuka ndani, na risasi yote itakuwa nzito kama uji, isiyojaza kalibu, yaani umbo inamomiminwa. Kadiria pia kupoteza kilo moja hadi mbili katika kila kumi kwa sababu ya klipu na uchafu.

Maganda ya risasi ya nyaya za zamani za simu ni laini na safi, lakini nyaya hizo mara nyingi zimeibwa. Achana nazo.

Kisha kuna betri. Betri ya gari yenye kilo 15 ina risasi kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa mtu mwenye haraka inaonekana kama hazina. Hazina hiyo ni ya kudanganya. Sehemu kubwa ya risasi ya betri si metali, ni unga uliopakwa kwenye sahani, mchanganyiko wa oksidi na salfeti. Unga huo hauyeyuki katika moto wa kusubia. Oksidi yenyewe inahitaji nyuzi 888. Kwa hiyo anayevunja betri hupata metali ya nyavu za ndani zinazoshikilia unga huo na ya vichwa viwili vya juu, chini ya nusu ya alichotarajia, na kinachobaki ni vumbi la risasi mikononi, kwenye nguo na katika udongo wa ua. Juu ya hayo kuna tindikali. Na betri nyingi za sasa zina kalisi, aseniki na antimoni, ambazo makapi yake yakilowa maji yanaweza kutoa gesi zinazoua. Hili silisemi kwa kukisia. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na sumu ya risasi, na chanzo kilikuwa uchakataji wa betri chakavu na udongo wake uliochekechwa majumbani. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na suala hilo likawafikisha mahakamani. Hapa kwetu Tanzania betri chakavu ni taka hatarishi, na utaratibu wa vibali unasimama juu ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Asiye na chanzo kingine zaidi ya betri asisubu kabisa. Katika hilo sioni upande wa pili wa kupima.

Mwenye risasi safi, anayetaka chubwi za kimia, anaweza kufanya kazi yake kwa usalama wa kutosha iwapo ataheshimu mambo machache yasiyokuwa na mjadala. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko la kupikia, kisima na mahali watoto wanapochezea. Baridi ya Juni na Julai ya Mbeya na Njombe huwashawishi watu kuingiza jiko ndani na kufunga mlango. Hapo moshi wa mkaa peke yake unaweza kuua kabla hata ya kufikiria risasi. Chungu kiwe cha chuma kinene. Sufuria ya alumini haifai: alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na mkaa uliopulizwa vizuri unazidi hapo, kitako kinaachia na risasi yote inamwagika miguuni. Chungu hakihitaji kuwa kikubwa, kwani kilo 5 za risasi hazijazi hata nusu lita. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika, suruali iliyoshuka nje ya kiatu, glavu za kuchomelea na miwani.

Adui wa papo hapo ni maji. Tone likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji, na risasi inaruka juu yote kwa mara moja. Kyela ni mojawapo ya maeneo yanayopata mvua nyingi sana nchini. Kila kitu huko kina unyevu. Kwa hiyo jaza chungu kikiwa baridi na uanze moto pamoja na risasi ndani. Ukitaka kuongeza, weka kipande kwenye ukingo wa jiko mpaka kisishikike kwa mkono, ndipo ukiteremshe. Upawa nao uupashe kwanza. Wingu likianza kukusanyika, ahirisha.

Risasi ikishayeyuka, opoa klipu, tupia kijiko cha unga mkavu wa mbao au kipande cha nta, koroga kwa fimbo kavu ukikwangua kitako na kuta. Moshi utatoka, na kinachobaki juu ni makapi ya kijivu. Yaondoe taratibu bila kuyapeperusha. Bila kipimajoto, tazama uso uliosafishwa: ukishika rangi ya dhahabu na kuelekea zambarau kwa haraka, moto umezidi, punguza mkaa.

Kalibu rahisi ni vipande viwili vya pao bapa la chuma vilivyobanwa pamoja kwenye jiliwa na kutobolewa kwenye kiungo chao. Tundu la milimita 9 lenye urefu wa sentimita 2.6, likiwa na msumari wa milimita 4 katikati, hutoa chubwi ya gramu 15 hivi yenye njia ya kamba. Fuka ndani ya kalibu na msumari kwa masizi ya kibatari, visinate. Chubwi za kwanza zitatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu bado baridi. Zirudishe chunguni zikiwa kavu na uendelee. Zikitoka na weupe kama ukungu na kumeguka, kalibu imepata joto mno, ipumzishe. Pembe zisipojaa, hewa imenaswa: kwaruza mistari myembamba kwa tupa kwenye uso wa kiungo ili itoke. Na acha risasi ya ziada mdomoni mwa kalibu, maana ikiganda hunywea, na isipopata pa kunyonya huacha shimo ndani. Risasi ya vizito vya magurudumu inafaa kwa chubwi hizi za tundu. Kwa zile za kukunjwa na kubanwa haifai sana, antimoni huifanya ipasuke. Hapo inatakiwa risasi laini. Bamba la sentimita 3 kwa 4 lenye unene wa milimita 3 lina gramu 41.

Kuhusu sumu, wengi huogopa mvuke na kusahau mikono. Kwenye joto la kusubia mvuke wa risasi ni mdogo. Hatari kubwa ni vumbi la makapi linalofika mdomoni kupitia ugali, sigara, au nguo za kazi zilizochanganywa na za watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kwa kiasi kilekile. Kwa mtoto huharibu ubongo, na mara nyingi madhara hayo hayaonyeshi dalili mapema. Glasi ya maziwa baada ya kazi, ambayo mafundi wengi huiamini, haiondoi risasi iliyokwisha kuingia. Lishe yenye kalisi na madini ya chuma hupunguza ufyonzwaji, lakini haichukui nafasi ya sabuni. Barakoa ya kitambaa pia si kinga.

Upande wa ziwa wenyewe, Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 chubwi nyingi za risasi za mshipi, zenye uzito kati ya gramu 0.06 na 28.35, kwa sababu bata maji walizimeza wakafa. Chubwi za kimia hazipotei ovyo, ila za mshipi hukatikia kwenye mawe ya Matema kila mara. Kwa mshipi wa mahali penye mawe, jiwe dogo lililofungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi ni bora: likinasa, uzi unakatika na mvuvi anabaki na ndoana yake.

Kimia kimoja cha chubwi 200 za gramu 15 kinakula kilo 3, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa miaka mingi. Wavuvi wa mwalo mmoja wakikusanya risasi yao, akasubu mmoja mwenye vifaa, ua mmoja tu unaguswa badala ya kumi. Chungu, upawa na kalibu vibaki vya kazi hiyo milele, visirudi jikoni. Majivu ya jiko hilo yasimwagwe kwenye bustani ya mboga wala kwenye migomba, na makapi yakae ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu, pasipofikiwa na mtoto.