Waya sita za plagi na rasta namba moja

Kabla hamjaanza kucheka naomba mjue kwamba kidole kimepona, ngozi imerudi, na mke wangu tunaongea, sio kama zamani lakini tunaongea.

Mi naunda vigari. Sio vya kuendesha, vya plastiki, vile vinakuja kwenye boksi vikiwa vipande vipande vimeshikana kwenye fremu, unakata kimoja kimoja, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi. Pale mtaani kwetu Tabata watoto wananiita fundi midoli na nimeshazoea. Skeli ninayopenda ni moja kwa ishirini na nne, yani gari halisi ya mita nne na kidogo inakuja kuwa sentimita 17 hivi, inakaa kiganjani. Ananiletea rafiki yangu anayefuata mzigo Guangzhou, anakichomeka katikati ya viatu vya kina mama, na kila akinikabidhi anauliza swali lile lile, "Hii inatembea?" Haitembei. "Inawaka taa?" Haiwaki. "Sasa?" Ndo hapo huwa nabadilisha mada nauliza habari za bandarini.

Safari hii aliniletea Datsun 240Z, ile nyekundu ya boneti jeusi ya Safari Rally. Kama una mjomba wa umri fulani basi unaijua hii gari bila kuiona. Edgar Herrmann alishinda nayo 1971, af 1973 Shekhar Mehta akashinda na 240Z tena, ile mwaka wa kutoana jasho, yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa sawasawa kabisa kwa pointi za adhabu ikabidi itafutwe njia ya kuwatenganisha. Mjomba wangu ni fundi gari mtaa wa Gerezani hapa Dar miaka na miaka, na hizo habari anazo kichwani kama watu walivyo na matokeo ya Simba na Yanga. Nikasema hii nitaijenga vizuri, nimpelekee aione, anyamaze.

Sasa tatizo ni hili. Kit za Kijapani za skeli hii nyingi haziji na injini. Wamarekani wao wanapenda moja kwa ishirini na tano na kit zao nyingi zina injini ndani, boneti unanyanyua unaona. Hii yangu boneti lilikuwa limeungana na bodi, chini hamna kitu, pamezibwa kama choo kilichojaa. Mtu mwenye akili zake angepaka rangi, angebandika stika, angeweka juu ya kabati la TV maisha yaendelee.

Mi nikakata boneti.

Siku tatu nimekwangua ule mstari kwa mgongo wa wembe, taratibu, maana ukitumia makali wembe unatoroka unaharibu fenda. Boneti likatoka zima. Nikakaa naliangalia lile shimo tupu na ndo nikagundua kwamba sasa sina hiari, lazima kuwe na injini. Nikaijenga mwenyewe. Ile gari ina injini ya L24, lita 2.4, silinda sita zimepanga foleni mstari mmoja, kwahiyo nikakata kadi ya benki iliyokwisha muda nikagundisha vipande mpaka nikapata bloku. Kabureta mbili nikatoa kwenye mrija wa peni. Mpira wa rejeta ni waya wa earphone zilizokufa sikio moja. Rangi ya kifuniko cha vavu ni rangi ya kucha ya silva, ya mke wangu, ile niliomba, naomba iandikwe kwamba ile niliomba.

Akawa anapita nyuma yangu na ndoo ya nguo akasimama. "Baba Jeska, hilo boneti si unalifunga?"

"Nalifunga."

"Sasa likifungwa nani ataona?"

"Mi nitajua yamo."

Akafikiri kidogo. "Bomba la jikoni linavuja wiki ya tatu. Hilo hata likifungwa naliona." Akaenda zake kuanika.

Ningeishia hapo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini injini ya petroli bila waya za plagi ni kama ndevu bila kidevu, nikashindwa kulala. Ukipiga hesabu, waya wa plagi una unene wa kama milimita 8, gawa kwa 24, unatafuta kitu cha theluthi moja ya milimita. Nikajaribu uzi wa kushonea, una manyoya, kwa jicho la kawaida huyaoni ila kwenye gari ndogo hivo zinaonekana kama kamba za kufungia meli. Nikajaribu mshipi wa kuvulia, mgumu, haukunji, unasimama kama antena. Ijumaa usiku naingia chumbani naona juu ya kitanda pakiti za rasta. Namba moja, nyeusi tii, laini, hazina manyoya, ukisokota nyuzi chache unapata unene wowote unaotaka. Aisee. Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa uwanja wa bure Mbezi Beach.

Za mke wangu, za kusukia kesho yake, mdogo wake alikuwa na send-off Jumamosi jioni. Zilikuwa pakiti sita. Mi nahitaji nyuzi thelathini hivi, rasta pakiti moja ina nyuzi ngapi, maelfu, nikajiambia nani ataona. Ila ujue nyuzi zenyewe lazima zinyooke, na ya kwanza nikaharibu, ya pili ikajikunja, kufika saa saba usiku nilikuwa nimechomoa bonge kama mkia wa mbuzi. Nikakunja pakiti vizuri nikairudisha chini kabisa ya zingine.

Jumamosi asubuhi mke kaenda saluni, Jeska kwa bibi yake, nyumba yangu. Gundi ya kawaida ya vigari inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki pande mbili zishikane, rasta haiielewi kabisa, kwahiyo nikachukua supa glu. Feni nikazima, maana ikipuliza tu rasta zinaruka. Dar, mwezi wa tatu, saa tano, feni imezimwa. Jasho lilikuwa linatoka mpaka kwenye kucha. Na supa glu mnajua inakauka kwa unyevu, haihitaji jua wala upepo, inahitaji maji kidogo tu, na mi mkono wangu ulikuwa bahari.

Waya tano ziliingia vizuri. Ya sita nikawa naishikiza kwenye kifuniko cha distributa, pale waya zote za plagi zinapoanzia, kwa kidole cha shahada, dole gumba limekamata fenda ya kulia, mdomo wa ile chupa ukaziba, nikakamua, haitoki, nikakamua tena kwa hasira, ikatoka yote. Injini ikajaa kama bonde la Jangwani hapa Dar siku ya mvua. Nikasema ngoja nisitingishike waya usihame, nikahesabu mpaka kumi nikiwa nimetulia kabisa, na ndo lilikuwa kosa, maana kufika kumi mi na Datsun tulikuwa mwili mmoja.

Nikavuta, ngozi ikaja. Nikaacha kuvuta. Nikakumbuka maji ya vuguvugu na sabuni, nikatumbukiza mkono na gari kwenye beseni, kidole hakikuachia hata kidogo ila namba ya mlangoni niliyoibandika usiku ule ikaanza kuhama taratibu kuelekea tairi la nyuma. Nikatoa. Nikapaka mafuta ya kupikia, sasa nikawa nimeganda na nanuka chapati. Nataka nimpigie mtu simu, simu inafunguka kwa alama ya kidole, kidole gani, kidole kile kile kilichoko kwenye injini.

Dawa yake niliijua, asetoni, ile wanayotolea rangi ya kucha saluni, inayeyusha supa glu. Na pia niliijua kwa upande wa pili, kwamba plastiki ya vigari, polistaireni, asetoni inaimaliza kama sukari kwenye chai. Kwahiyo kichwani nikapanga, naenda saluni, naomba kijiti cha pamba, tone moja, nasubiri, tone lingine, kazi ya saa moja ila wote tunatoka salama. Na nisiende saluni ya pale karibu kwa sababu ndo anasukia mke wangu. Nikaita boda twende moja ninayoiona barabara ya Segerea.

Tumefika Tabata Bima trafiki katusimamisha, abiria hana helmeti. Nikamwonyesha mkono. Akauangalia muda mrefu. "Na hii ina bima?" Akacheka peke yake mpaka akatupungia tupite, nadhani mpaka leo anasimulia nyumbani kwake. Boda naye njia nzima, "Bosi, ukiiuza unaniambia."

Naingia saluni. Redio inaimba, madada kama sita, dada wa kucha yuko kona ya mlango, na kwenye kiti cha katikati, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, mke wangu. Msusi wake alikuwa amehamia pale wiki ile. Nilishaambiwa mara mbili mezani nikaitikia "sawa" huku napiga msasa bampa.

Na msusi alikuwa ameshika pakiti ya mwisho anaipima mkononi, anamwambia, "Dada hii walikuuzia nyepesi, hapa nyuma haitoshi."

Nilitaka kutoka, ila mlangoni boda amenifuata, sijamlipa.

"Baba Jeska, mkononi una nini?"

"Gari."

"Naona gari. Imekuwaje?"

Nikasogea, ningefanyaje. Akanishika kifundo cha mkono akageuzia kwenye mwanga. Msusi akainamia, dada wa kucha akaja, mteja mwingine akatoka kwenye draya na kofia zake. Wote wanachungulia ndani ya injini, kabureta, mpira wa rejeta, kila kitu, na nisiwadanganye, kwa sekunde kama mbili moyo ulifurahi, miezi miwili nimejenga kitu na sasa watu wanakiangalia kwa makini kweli kweli.

Msusi akanyoosha kidole. "Hii si namba moja hii?"

Kimya. Hata redio naona kama ilinyamaza.

"Nyuzi chache tu," nikasema.

Mke wangu akamgeukia dada wa kucha, sauti ya chini, ya adabu, ile ambayo wanaume mlioowa mnaijua. "Mdogo wangu, lile bakuli la kulowekea kucha za bandia lina asetoni?"

"Lina, dada."

"Mama Jeska, ngoja nikueleze, asetoni na hii plastiki—"

"Kidole kitatoka?"

"Kitatoka, ila gari—"

Mkono ukaingia bakulini. Ameushika yeye, kwa nguvu, na mi sikubisha sana kwa sababu kusema kweli kidole kilikuwa kinauma. Dole gumba liliachia la kwanza, likaachia pamoja na fenda ya kulia, ikalegea ikavutika kama jibini kwenye piza, taa ikazama, rangi nyekundu ikageuza bakuli lote supu ya nyanya. Kidole cha shahada kikafuata. Bakuli halikuwa na kina kirefu kwahiyo injini upande wa juu ikabaki haijaguswa, na waya zote sita zimesimama pale zinang'aa, hazijaonja hata tone. Dada wa kucha akanitoza elfu tano. Boda akataka za kusubiri.

Send-off tulienda. Kisogoni palimaliziwa na rasta za namba nyingine walizokuwa nazo pale, za kahawia, na mbele ya kioo wakati anavaa hereni akaniangalia akasema, "Nani ataona?" Waliona. Shangazi yake aliona kabla hajatusalimia, akamzungusha, akamuuliza kama huko nyuma ndo fasheni mpya ya mjini, na mke wangu akamjibu, "Muulize fundi," akanionyesha mimi, na mi nimefunga plasta vidole viwili siwezi hata kushika soda.

Wiki iliyofuata nikampelekea mjomba Gerezani hivo hivo, fenda imeyeyuka. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akavaa miwani, akaipeleka mlangoni kwenye jua. Nikaanza kujieleza habari za fenda. "Achana na fenda mjomba, zile zilikuwa zinapita porini, zinarudi zimekunjika kuliko hivi." Akanyanyua boneti kwa ncha ya kiberiti. Akakaa kimya. Nikasema leo nimempata.

Akaanza kufuata waya moja moja na kile kijiti, midomo inacheza. "Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Ndo mpangilio wa L24 kuwasha silinda zake huo." Akarudia tena kutoka mwanzo. Akavua miwani. "Mjomba, ya tatu na ya sita umezipishanisha. Hii ingewaka, ingemisi."

Kwahiyo kuna waya mbili za kurudia. Nyuzi kama kumi tu, hata hazifiki kumi. Ila pakiti iliyobaki sa hivi inakaa ndani ya mkoba wake, na mkoba anaenda nao kazini.