Mlo Usiohitaji Moto Uandaliwe Kabla ya Dharura

Watu wengi wakitajiwa mlo usiopikwa hufikiria matunda na biskuti, vitu vya kumsogeza mtu kwa saa chache tu. Mimi naona tofauti. Mlo usiohitaji moto, iwe kambini au nyumbani umeme ukiwa umekatika na gesi imekwisha, kwa sehemu kubwa ni mlo uliokwisha kupikwa mahali pengine, na anayelijua hilo hupanga akiba yake kwa namna nyingine kabisa.

Maharage ya kopo yalipikwa kwa joto kali ndani ya kopo lililofungwa, ndiyo maana huliwa kama yalivyo. Maharage mekundu makavu, hata yakilowekwa usiku kucha, hayafai kuliwa kabla ya kuchemshwa sawasawa, kwa kuwa yana sumu ya asili. Oti bapa hupitishwa kwenye mvuke kiwandani, kwa hiyo zikilowekwa jioni pamoja na maziwa ya unga na zabibu kavu, asubuhi huwa zimelainika. Unga mbichi wa ngano unaweza kuwa na bakteria na haufai kukorogewa maji na kunywewa. Kuskusi, yaani punje ndogo za unga wa ngano, nayo huuzwa ikiwa imepikwa kwa mvuke na kukaushwa, na maji baridi huilainisha kwa muda usiozidi saa moja.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya moto wenyewe. Mvua inaponyesha nje na watoto wana njaa, kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba au hema ni kikubwa, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu; imeua watu wakiwa usingizini. Familia yenye akiba ya chakula cha kuliwa bila kupashwa moto haisukumwi kufika huko.

Mlo ninaoupenda ni kuskusi iliyolowekwa, maharage ya kopo, samaki wa kopo pamoja na mafuta yake yote, ndimu na kitunguu. Mafuta hayo yasimwagwe, kwani gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9 ilhali wanga na protini zina 4 tu, na anayetembea milimani huhitaji nguvu bila kubeba mzigo mzito. Nashauri makopo madogo yanayoliwa yote kwa mara moja, kwa kuwa chakula chenye unyevu kikishafunguliwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, au saa 1 joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi. Jokofu lenyewe, lisipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa saa 4 hivi baada ya umeme kukatika, basi vilivyomo viliwe kwanza. Kopo lililovimba litupwe bila kuonjwa.

Usisahau kifungulio. Hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya kopo la chuma ilitolewa Uingereza mwaka 1810, na kifungulio cha Ezra Warner kilipata hataza Marekani mwaka 1858. Kati ya miaka hiyo makopo mara nyingi yalifunguliwa kwa patasi na nyundo, na sitamani mtu yeyote arudie kazi hiyo gizani.

Maji ndiyo kiungo kikuu: weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na zaidi penye joto. Mwenye mtoto mchanga anayetumia maziwa ya kopo anunue yale ya maji yaliyo tayari kunywewa, kwani ya unga hayana uhakika wa kutokuwa na vijidudu na hutakiwa kukorogwa kwa maji yenye joto la nyuzi 70 au zaidi.

Nyumbani kwetu, jioni moja kila baada ya miezi mitatu, jiko haliwashwi na tunakula kutoka kwenye akiba. Mara ya kwanza tuligundua kwamba bibi hawezi kutafuna karanga nzima tulizomwekea, nasi tukazibadilisha kwa siagi ya karanga siku iliyofuata.