Pesa isiyopita mkononi

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba mtu ana kazi Uingereza na bado anakopa siku kumi kabla ya mshahara, wengi hudhani anaficha au anatanua. Sisi tulioko huku tuna jibu letu la siku zote: maisha ya huku ni bili tupu. Yote mawili yana ukweli kidogo, lakini naona yanalikwepa jambo lenyewe. Kinachotutofautisha zaidi na ndugu zetu wa Dar es Salaam ni namna pesa inavyotutoka. Kule unaitoa mwenyewe, kidogo kidogo, macho yako yakiiona: LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi, bando la wiki, nyanya za elfu, nauli ya daladala. Huku inachukuliwa. Tarehe moja usiku benki inakatwa kodi ya nyumba, tarehe tatu umeme na gesi, tarehe tano simu, na hujanyanyua hata kidole.

Chukua umeme. Mwenye mita ya LUKU anajua uniti zake. Akiwa kwenye kundi la matumizi madogo anajua asivuke uniti 75 kwa mwezi, maana bei inapanda. Anajua pasi inakula na hita inakula zaidi, kwa sababu namba zinashuka mbele yake. Huku kampuni inakadiria matumizi yako ya mwaka, inagawa kwa 12, kisha inakata kiasi kilekile Januari na Julai. Mtu anaweza kukaa miaka mitano asijue uniti moja ni nini. Hebu tuhesabu shawa ya umeme ya kilowati 9. Uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima, kwa hiyo dakika kumi za shawa hiyo ni uniti moja na nusu. Kwa peni 25 kwa uniti, hiyo ni karibu peni 38. Familia ya watu wanne, kila mmoja mara moja kwa siku, ni uniti 180 kwa mwezi, yaani pauni 45, kwa kuoga tu. Mkipunguza hadi dakika tano mmeokoa zaidi ya pauni 22, na hakuna aliyelala na baridi. Taa ambayo baba mwenye nyumba anaipigia kelele haifikii hata robo ya hapo.

Kwa hiyo soma mita tarehe ileile kila mwezi, iandike ukutani, kisha itume kwa kampuni ili wasikadirie. Wanaotumia mita ya kulipia kabla wawe macho na jambo moja ambalo LUKU haijatuzoesha: kuna ada ya kila siku inayohesabiwa hata usipowasha chochote. Ukiacha mita bila salio wiki tatu ukiwa likizo Tanga, ukirudi na kuweka pauni 20, sehemu yake inamezwa na deni la siku hizo kabla hujawasha taa.

Dawa ninayoiamini ni kuirudisha pesa ipite mkononi tena. Fungua akaunti mbili. Mshahara uingie kwenye ya kwanza, na malipo yote ya kujikata yatoke humo humo. Kadi ya akaunti hiyo ibaki nyumbani kabatini. Ya pili ni ya matumizi ya kila siku, na kila Jumatatu unaihamishia kiasi kimoja tu, kisichobadilika.

Tuseme mshahara unaofika mkononi ni pauni 1,850. Kodi ya nyumba 750, kodi ya halmashauri 120, umeme, gesi na maji 110, nauli 90, simu 12, za kutuma nyumbani 150, mfuko wa mambo ya mwaka 60, akiba 130. Jumla ni 1,422, zinabaki 428. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanagawa kwa nne, wanapata 107 kwa wiki, wanaona sawa. Lakini mwaka una wiki 52, si 48. Pauni 107 mara 52 ni 5,564, wakati ulichonacho ni 428 mara 12, yaani 5,136. Upungufu ni 428 kamili, mwezi mzima wa matumizi ambao haupo, na ndiyo maana kadi ya mkopo inaanza kutoka kila ikifika Novemba. Zidisha kwa 12, gawa kwa 52. Inakuja pauni 98 na ushee kwa wiki.

Ule mfuko wa mambo ya mwaka usiuruke. Bima ya gari, ukaguzi wa gari, leseni ya televisheni (Aprili 2025 iliwekwa pauni 174.50), sare za shule za Septemba: vyote hivi vinajulikana kabisa, lakini kila mwaka vinaitwa dharura. Na kabla ya kulipa leseni hiyo, jiulize kama unaihitaji. Inatakiwa kwa anayetazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote au anayetumia huduma ya BBC iPlayer. Ambaye hafanyi hata kimoja anaruhusiwa kutangaza hivyo na asilipe. Kodi ya halmashauri nayo kwa kawaida hukatwa miezi kumi, Aprili hadi Januari. Omba igawanywe kwa 12, maana "nafuu" ya Februari na Machi haijawahi kuonekana mfukoni mwa mtu.

Halafu zile huduma za kujiunga. Usipitie taarifa ya benki ya mwezi mmoja. Vuta ya miezi 13, kwa sababu malipo ya mara moja kwa mwaka hayaonekani kwenye ya mwezi wala ya miezi mitatu. Pigia mstari kila jina linalojirudia. Hapa kuna tundu ambalo watu wengi hawalijui. Ukifungua programu ya benki na kufuta dairekti debiti zote (ruhusa za kampuni kukata pesa kwenye akaunti yako), bado filamu, mazoezi na hifadhi ya picha zinaweza kuendelea kukukata, kwa kuwa nyingi zimefungwa kwenye namba ya kadi, na hazitokei kwenye orodha ile. Hata kubadilisha kadi si dawa ya uhakika, maana mitandao ya kadi inaweza kumpelekea mfanyabiashara namba mpya. Anza kwa kuvunja mkataba na kampuni yenyewe, kwa maandishi. Kisha iambie benki kwamba umeondoa ruhusa ya kadi kwa kampuni hiyo, mwisho siku moja ya kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Benki haina haki ya kukukatalia. Ukifanya kinyume chake, ukazuia malipo huku mkataba ungali hai, deni linakua kimyakimya hadi barua ya wakusanya madeni ifike mlangoni na jina lako la mikopo lichafuke.

Kadi ya kugusa, ile unayoigusisha kwenye mashine bila namba ya siri, nayo imetulegeza. Ilipoingia Uingereza mwaka 2007 kikomo chake kilikuwa pauni 10. Oktoba 2021 kikafika 100. Kila walipoondoa hatua moja ya kulipa, waliondoa na nafasi moja ya kufikiri. Irudishe wewe. Futa namba za kadi zilizohifadhiwa kwenye simu na maduka ya mtandaoni. Ukilazimika kuinuka na kuandika tarakimu 16, vitu vingi utaviacha kikapuni bila maumivu yoyote.

Lakini sikubali kwamba mambo yote ya nyumbani ni ya busara. Kwenye chakula, huku wametuzidi. Chini ya bei ya kila bidhaa dukani kuna maandishi madogo yanayotaja bei kwa kilo au kwa gramu 100. Hayo ndiyo ya kusoma, na uwe mwangalifu, pakiti moja ikiandikwa kwa kilo na jirani yake kwa gramu 100, zidisha kwa kumi kwanza. Mara nyingine pakiti kubwa ndiyo ghali. Kule kwetu tunanunua kwa sado, fungu na kupima, na sado iliyobonyea chini haikwambii umepunjwa kiasi gani. Mafuta ya kupima ya mia tano kila jioni, ukiyajumlisha mwezi mzima kwa lita, yanampita mbali anayenunua dumu. Mwenye kipato cha siku hana uwezo wa dumu, hilo naliheshimu. Wapangaji wanne wa nyumba moja wanaweza lakini, wakichangishana dumu la lita 20 na kugawana lita tano tano. Kinachoharibu mpango huo ni kwamba mafuta yakiwa mengi jikoni mkono unakuwa mwepesi. Chora mistari minne kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa yako, kila mstari kwa wiki moja, na usivuke.

Na hata ule uangalifu wa nyumbani unapungua. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, pesa imekuwa namba kwenye simu. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, Tanzania tukawa na Songesha: salio likiisha, malipo yanapita kwa mkopo na muhusika anakumbuka pesa ikiingia na kukatwa. Ndugu zetu wanaingia mlango uleule uliotufikisha sisi tulipo, na ada zake ni kubwa kwa pesa ndogo kama ya unga.

Linabaki la kutuma pesa. "Bila ada" si bure. Tafuta bei ya soko ya pauni kwa siku hiyo, zidisha, linganisha na shilingi zitakazofika. Soko likiwa 3,400 kwa pauni, pauni 200 ni 680,000. Kampuni ikikupa 3,300 zinafika 660,000. Hapo elfu 20 zimekwenda, karibu asilimia 3. Usilipie kwa kadi ya mkopo, kwani benki nyingi huhesabu kama umechukua fedha taslimu na riba inaanza siku hiyo hiyo. Tuma mara moja kwa mwezi badala ya vipande vya pauni 50 kila simu inapolia, na tenga fungu la michango ya harusi na misiba pembeni, ili jibu la "mwezi huu imeisha" liwe la kweli. Ada ya shule ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, LUKU unaweza kununua kwenye programu na kumtumia mama tarakimu za tokeni. Kila shilingi isiyopita kwa wakala kutolewa imeepuka makato ya kutoa. Pesa ya mboga na ya mfukoni tu ndiyo iende kwenye simu yake, pamoja na kiasi cha kutolea, umuulize yeye ni ngapi kwa kiwango hicho, maana anazijua ada za wakala kuliko wewe.