Msimwite Mzembe Mgonjwa Mliyemficha Madhara ya Dawa

Tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, nilikaa chini ya turubai katika kata moja ya hapa Dodoma nikimsikiliza mgeni rasmi akieleza kwa nini wagonjwa wanakatiza dawa. Maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko itifaki iliyoyatangulia: wagonjwa hao ni wazembe. Wakipata nafuu wanarudi kwenye pombe, alisema, kisha wanatuletea usugu, yaani vimelea visivyosikia dawa, ambao serikali inautibu kwa gharama kubwa. Watu walipiga makofi. Karibu yangu alikuwa ameketi shemeji yangu, fundi uashi wa Nkuhungu, ambaye aliacha dawa katika mwezi wa tatu bila kuonja hata tone la pombe. Aliziacha kwa sababu nyayo zake zilikuwa zinawaka moto usiku kucha, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hali hiyo ingeweza kumpata, wala kwamba inatibika. Naye alipiga makofi, maana asingepiga angeonekana.

Sipingi hata kidogo kwamba dozi imalizwe, na Mtanzania ni mtu wa mwisho anayepaswa kulipinga jambo hilo. Kabla ya miaka ya 1970 tiba ya kifua kikuu ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyoonyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha, dawa ya rifampisini ikiwemo, yalifanyika Afrika Mashariki, wagonjwa wa Tanzania wakiwa miongoni mwa waliohusishwa, na matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 1972. Mpango wetu wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, ukisaidiwa na Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, na utaratibu uliojengwa hapa ndio ambao dunia iliuchukua baadaye kama mfano wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa mbele ya msimamizi wake. Kimelea cha ugonjwa huu hujigawa polepole mno, na baadhi yake hulala usingizi mahali ambapo dawa inachelewa kuwafikia. Ndiyo maana kikohozi kinaweza kutulia baada ya wiki chache ilhali kazi ndiyo kwanza imeanza. Miezi miwili ya dawa nne, kisha miezi minne ya dawa mbili. Hayo tunayajua, na mgonjwa huambiwa hayo tangu siku ya kwanza.

Asichoambiwa ni kitakachotokea mwilini mwake katika miezi hiyo sita, na hapo ndipo ninapogombana na mgeni rasmi na wote wanaohubiri kama yeye. Kunyamaza kwao kunazaa makosa mawili yanayopingana: mmoja anaacha dawa kwa jambo lisilo na madhara yoyote, na mwingine anavumilia jambo linaloweza kumuua.

Chukueni mkojo. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya chungwa au wekundu. Haina shida yoyote. Ni rangi ya dawa yenyewe ikitoka mwilini. Kuna kijana wa bodaboda ninayemfahamu ambaye hakuambiwa. Alipochungulia chooni asubuhi aliamini anakojoa damu, akaziweka dawa pembeni, akaenda duka la dawa la mtaani, na huko akauziwa vidonge vya U.T.I. Kwa hiyo akaacha antibayotiki iliyokuwa inamponya na kuanza nyingine ya ugonjwa asiokuwa nao, na kwenye daftari la kliniki akaandikwa mtoro. Sentensi moja tu siku ya kwanza, ya kumwambia kwamba mkojo wako utabadilika rangi na usiogope, ingetosha.

Sasa chukueni macho. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, tatu kati ya zile dawa nne, zinaweza kuliumiza ini. Dalili zake si za kificho: hamu ya chakula inapotea kabisa, mgonjwa anatapika mfululizo, anaumwa chini ya mbavu za kulia, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na macho yanageuka manjano. Mtu akifikia hapo haambiwi avumilie. Anasimamisha vidonge na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama mkwe wa rafiki yangu, wa huko Bahi, alivumilia, kwa kuwa neno pekee alilopewa kliniki lilikuwa usikatize. Alimeza dawa kwa utiifu huku macho yamekuwa manjano, familia ikimtibu malaria. Alipona, lakini baada ya kulazwa, dawa zote zikasitishwa, kisha zikarudishwa moja moja chini ya uangalizi. Huyu hakuwa mzembe. Huyu nusura auawe na utiifu wake, na sijasikia mgeni rasmi hata mmoja akimtaja mtu wa namna hiyo.

Nirudi kwa shemeji. Isoniazidi huvuruga matumizi ya vitamini B6 mwilini, na mishipa ya fahamu ya miguu na mikono ndiyo inayoumia kwanza: ganzi, kuchomachoma, halafu moto. Walio hatarini zaidi ni wenye lishe duni, wajawazito, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye kisukari na wanywaji wa pombe. Kinga yake ni kidonge kidogo cha piridoksini, yaani hiyo vitamini B6 yenyewe, miligramu 25 kwa siku, na dozi kubwa kuliko hiyo hutumika kutibu tatizo likishaanza. Shemeji alimwambia muuguzi, "Sista, miguu inawaka." Alijibiwa, "Vumilia baba, dawa ndivyo zilivyo." Alivumilia wiki kadhaa, akilala na miguu ndani ya beseni la maji, kisha akafanya hesabu ambayo fundi yeyote angeifanya: bila miguu hapandi jukwaa, asipopanda jukwaa watoto hawali. Ninyi mnauita uzembe.

Kuna na suala la kilo, ambalo linanikera kwa namna yake. Vidonge hivi vya mchanganyiko hupangwa kwa uzito: mtu mzima wa kilo 50 anameza vitatu kwa siku, na akifika kilo 55 anastahili vinne. Mgonjwa anayepona ananenepa, jambo ambalo ndilo tunaloliomba. Shemeji alirudisha mwili mpaka suruali zikambana, lakini kadi yake ina uzito wa siku ya kwanza tu, na safu nyingine zote za uzito ni tupu, kwa sababu mizani ya kliniki ile ilikuwa mbovu. Dozi pungufu haiponyi vizuri, na hiyo nayo ni njia ya kuutengeneza usugu, ila hii haitangazwi kwa kipaza sauti kwa kuwa mkosaji wake hakai upande wa wagonjwa.

Ethambutoli, ile dawa ya nne, inaweza kuudhuru mshipa wa macho, na mara nyingi dalili ya mapema ni kuchanganya nyekundu na kijani. Mwuza nyanya wa soko la Majengo angeligundua hilo siku ya kwanza anaposhindwa kutenganisha mbivu na mbichi, mradi awe ameambiwa kwamba ndilo la kuangalia. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, na wanawake wanaoligundua hili kwa kushika mimba wana haki ya kukasirika.

Wala tusidhani ni kifua kikuu peke yake. Huku kwetu kwa wafugaji, homa ya brusela inatibiwa kwa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki sita, pamoja na rifampisini au sindano. Doksisaiklini ikimezwa kwa maji kidogo na mtu akalala papo hapo, hukwama kooni na kuchoma umio. Ngozi nayo huungua haraka juani, na jua la Chamwino na Bahi hatulihadithiani. Juu ya hayo, maziwa huipunguza dawa hii nguvu tumboni. Sasa mfikirie mchungaji anayepewa vidonge vya wiki sita ndani ya bahasha iliyoandikwa 1×2 na basi: anavishushia kwa maziwa, tena yawezekana ni maziwa yale yale mabichi yaliyomletea ugonjwa, kisha anashinda juani nyuma ya ng'ombe. Ngozi ikibabuka anaacha. Na huyu naye ni mlevi?

Waliougua kifua kikuu sugu miaka ya nyuma wana kisa kizito kuliko hivi vyote. Walichomwa sindano za kanamaisini kwa miezi, katika tiba iliyoweza kufika miezi ishirini, na baadhi yao walipona kifua wakabaki viziwi. Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza dawa hiyo mwaka 2018, na mwaka 2022 likapendekeza tiba ya vidonge ya miezi sita yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ni ahueni kubwa, lakini linezolidi inashusha damu na kuumiza mishipa ya fahamu, kwa hiyo maelezo yanahitajika vile vile, pamoja na vipimo vya mara kwa mara.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba muuguzi aliyemwambia shemeji avumilie alikuwa peke yake na foleni iliyofika nje ya mlango, na kwamba ukimsomea mtu orodha ya madhara yote anaweza kuanza kuyahisi kabla hajameza kidonge. Lakini hakuna anayeomba orodha ndefu. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha, yenye mambo ya kutoogopa upande mmoja, kama rangi ya mkojo na kichefuchefu cha siku za mwanzo, ambacho mara nyingi hupungua dawa ikimezwa na uji mwepesi wa uwele badala ya kuachwa. Na upande wa pili mambo ya kukimbilia hospitali: macho ya manjano, kutapika kusikokoma, kuona vibaya, upele wa mwili mzima. Asiyejua kusoma asomewe na msimamizi wake, ambaye kwa utaratibu wetu tayari yupo.

Tena ipo fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwenda TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa nchini, ambayo mtoa huduma anatakiwa kuijaza. Miguu ya shemeji haikuandikwa popote, na sidhani kama ini la yule mama wa Bahi liliandikwa. Madhara yasiyoandikwa hayahesabiwi, na yasipohesabiwa ndipo mtu anasimama kwenye jukwaa akadai kwamba wagonjwa wanaacha dawa kwa sababu ya pombe.

Shemeji amerudi kliniki, baada ya dada yangu kumsihi kwa muda mrefu. Hakurudia mwenyewe vidonge vilivyobaki kabatini, na yeyote aliyekatiza asithubutu kufanya hivyo, kwa sababu ni lazima makohozi yapimwe upya ijulikane kama rifampisini bado inafanya kazi. Yake bado inafanya kazi. Safari hii alipewa piridoksini tangu siku ya kwanza, na muuguzi mpya alimwuliza uzito wake, akatazama huku na huku akitafuta mizani, kisha akamtuma akapimwe dirisha la wajawazito.