Kabla ya kununua breki, tafuta rula

Tairi la nyuma la baiskeli yangu lilipasuka pale Ubungo, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mlio uliowafanya watu wa kituoni wainamishe vichwa. Sikuwa nimekanyaga msumari wala chupa. Tairi lililiwa na breki. Raba ya breki ya upande wa kushoto ilikuwa inakamata rimu nusu, nusu nyingine inasugua ubavu wa tairi kila nikibana, na kutoka Kimara hadi pale nilikuwa nimebana mteremko wote.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, zile zenye hendeli iliyokunjwa kama pembe za kondoo dume, fremu ya chuma, imenizidi umri. Wengi wakiiona wanadhani ni ya mashindano. Mimi naendea nayo kazini Posta, na zile sehemu tatu za kushika zinauokoa mgongo wangu. Shida yake ni mafundi. Fundi wa mtaani kwetu ni bingwa wa Phoenix na breki zake za vyuma, na baiskeli za gia za vijana anazifumua akiwa anapiga soga. Ya kwangu aliitazama, akabana mara mbili, akasema, "Kaka, hizi zimekufa, tafuta nyingine."

Nikatafuta nyingine. Kariakoo nikapata pea moja nzuri kweli, nyeusi, inang'aa, nikalipa bila kubishana sana. Nilipofika nyumbani na kuzishikiza tu kwa mkono, raba hazikufika hata kwenye rimu. Zilikuwa zinabana tairi tupu.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi sote, wauzaji, mafundi na waendeshaji: breki tunazinunua kwa macho. Tairi hakuna anayelinunua bila kusoma namba, na kiatu lazima ukijaribu, lakini breki, kitu kinachokutenganisha na bampa la daladala, tunaulizana tu kama "ni kali".

Kwanza ujue unayo ya aina gani, na kwa hilo huhitaji fundi. Inama utazame zinaposhikiliwa. Kama breki nzima imening'inia kwenye bolti moja katikati, juu ya gurudumu, hiyo ni breki ya koleo, na baiskeli nyingi za hendeli ya pembe zina hizo. Kama kuna vijiti viwili vilivyochomelewa kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu, kimoja kila upande wa gurudumu, na kila mkono wa breki umekaa kwenye kijiti chake, basi unayo kantileva au V-breki, na huko ni safari nyingine kabisa. Koleo nazo zina vizazi. Za zamani mikono yote miwili inazungukia ekseli moja, na zina tabia ya kuegemea upande mmoja hata uzirekebishe vipi. Zilizoenea tangu miaka ya 1990 zina ekseli mbili, zinakaa katikati, na kwa nguvu ileile ya vidole zinabana zaidi. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni badiliko ambalo nalipigia debe bila aibu. Tofauti unaisikia siku ya kwanza.

Sasa rula. Pima kutoka katikati ya tundu la bolti kushuka hadi katikati ya ukuta wa rimu, pale raba inapotakiwa kugusa. Pima mbele, kisha pima nyuma, maana si lazima zilingane. Koleo fupi za baiskeli za mashindano zinafika milimita 39 hadi 49. Za kati ni 47 hadi 57. Ziko ndefu zinazoshuka kutoka 55 hadi 73, kwa ajili ya fremu zilizoachiwa nafasi ya madigadi na tairi nene. Mimi mbele nilipata 51, nyuma 55. Zile nyeusi zinazong'aa zilikuwa 39 hadi 49. Hata ningezisalia zisingefika.

Lakini kwa nini breki za mwanzo, zilizotoka kiwandani na fremu hiyo, zilikuwa zinakula tairi? Jibu lilikuwa ubavuni mwa tairi, kwenye namba ndogo ambazo watu hawazisomi. Fremu yangu ilizaliwa na magurudumu ya inchi 27, ambayo rimu yake ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa. Mtu fulani kabla yangu aliyatoa akaweka ya 622, haya ya kawaida ya siku hizi. Tofauti ni milimita 8 kwa kipenyo, kwa hiyo rimu imeshuka milimita 4 kutoka kwenye breki. Nne tu. Mbele raba ziliteremshwa hadi mwisho wa mfereji wake kwenye mkono wa breki zikafika, nyuma hazikufika, na aliyefunga akaona yameisha hayo.

Nilipomweleza muuza tairi akanicheka. "Ishirini na nane ni ishirini na nane, bosi." Siyo. Tairi la Phoenix limeandikwa 28 na linakaa kwenye rimu ya 635. Tairi la baiskeli yangu nalo unaweza kulikuta limeandikwa 28 na linakaa kwenye 622. Achana na inchi. Tafuta namba yenye kistari, kama 32-622 au 40-635, hiyo haidanganyi.

Basi nikaagiza za 47 hadi 57, na hapo nikakutana na bolti. Breki za zamani zinapita foku tundu kwa tundu na kufungwa kwa nati ya nje, spana namba 10. Za kisasa zinafungwa kwa nati ndefu iliyozama ndani ya foku, unaikaza kwa spana ya L namba 5, na hiyo inataka tundu la milimita 8 upande wa nyuma wa foku, wakati langu lilikuwa 6. Fundi alilipanua tundu la upande wa nyuma wa foku tu, la upande wa mbele hakuligusa, na nilisimama pale kama mtu anayesubiri mtoto atolewe jino. Kwa foku ya chuma hilo linafanyika. Ya kaboni usithubutu. Kwa breki ya gurudumu la nyuma hatukutoboa chochote: breki ya mbele ina bolti ndefu zaidi, kwa hiyo tulichukua ya mbele ya pili tukaifunga nyuma kwa nati ya kawaida. Ndiyo, nilinunua breki mbili za mbele. Muuzaji alidhani nimechanganyikiwa.

Kuna watu watakaokushauri uweke V-breki kwa sababu ni kali. Ni kali kweli, zikiwa na mikono yake ya kubania. Mkono wa kubania ulio kwenye hendeli ya pembe unavuta waya kidogo, na V-breki inataka waya mwingi, kwa hiyo utabana hadi mkono uguse hendeli na baiskeli bado inatembea. Ziko V-breki fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, lakini bila vile vijiti viwili kwenye fremu mazungumzo hayo hayakuhusu. Diski? Foku yangu haina pa kuifunga wala kitovu cha gurudumu hakina pa kuishika. Kwa gharama ya kubadili vyote hivyo nanunua baiskeli nyingine.

Waya nao usikubali wa kubahatisha. Kichwa cha waya wa hendeli ya pembe kina umbo la tunda la pea; cha baiskeli za hendeli iliyonyooka ni kama kipipa. Nimeona fundi akikisugua kipipa kwa tupa kiingie. Kikichomoka, kitachomoka siku umebana kwa nguvu, yaani siku unayokihitaji. Na kava la waya wa gia lisitumike kwenye breki hata kama linafanana: nyuzi zake zimelala kwa urefu, na mvuto wa breki unaweza kulipasua. La breki lina chuma kilichojiviringisha kama springi.

Jambo moja nilibadili ambalo fundi alilipinga. Baiskeli hii ilitoka Ulaya bara, mkono wa kushoto ukiwa breki ya mbele. Sisi tunaendesha kushoto, na nikitaka kukata kulia nanyoosha mkono wa kulia, nabaki na wa kushoto peke yake. Sitaki mkono huo mmoja uwe umeshika breki ya mbele, inayoweza kunirusha juu ya hendeli. Nimeihamishia kulia. Yeye anasema nimejizoesha vibaya, mimi namwambia aje tupande wote barabara ya Morogoro saa mbili asubuhi.

Kusema kweli, kama breki zako zinafika kwenye rimu na hazijapinda, huenda unahitaji raba na waya tu. Raba zikizeeka zinakuwa ngumu kama kwato, na masika zinateleza. Ukinunua zile za kuchomeka kwenye kishikizo, upande uliofungwa wa kishikizo utazame mbele, la sivyo rimu itaivuta raba itoke. Na ukipitisha kucha kwenye ukuta wa rimu ukakuta umebonyea kama sahani, tatizo ni rimu yenyewe, na hakuna breki itakayoliponya.

Zile nyeusi bado ziko kwenye droo, hazijawahi kushika mvua. Mwenye fremu ya 39 hadi 49 aseme, ila aje na kipimo chake.